Tandiko la Mtoto Mchanga na Kadari ya Mungu

Kazi yangu ni kushona magodoro ya sufi. Nashonea ukumbini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na baada ya Alasiri nasomesha watoto Kurani kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo, sufi ikiwa bado imeninata kwenye nyusi. Ndiyo maana watu huniletea maswali ya kulala na maswali ya dini. Safari hii yamekuja yote kwa mpigo, tena kutoka ndani ya nyumba yangu. Binti yangu amekuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, na bi mkubwa wangu akaanza kumpangia mahali pa kumlaza mtoto. Mavyaa wake alipokuja kumjulia hali akaona godoro dogo limeegemezwa ukutani. Uso ukambadilika.

"Mtoto hatandikiwi kabla hajazaliwa," alisema. "Atoe sauti kwanza."

Kwa maoni yake, kumwandalia asiyezaliwa ni kumfungulia hasidi mlango, na zaidi ya hapo ni kama kumdai Mungu kitu ambacho bado hajakitoa. Mkwe wangu, kijana wa bandarini mwenye akili ya kuchokonoa, akaongeza la kwake jioni hiyo hiyo. "Baba, umri wa mtoto umeshaandikwa. Hili tandiko mnalobishania litaongeza nini, au litapunguza nini?"

Maswali haya yanafanana sura, lakini si ya baba mmoja. Yule mama anasema kuandaa ni kuvuka mpaka wetu. Kijana anasema kuandaa ni kazi bure. Mmoja anaogopa, mwingine anahoji, na haifai kuwajibu kwa jibu moja.

Nianze na mama. Simcheki, na nawaomba vijana wasimcheke. Hofu hii haikuzuka hewani. Imetoka kwa wanawake waliokunja nguo ndogo zilizokosa mvaaji, wakazirudisha kabatini na kulifunga kabati. Mtu aliyepitia hayo hahitaji kuelezwa kwa nini chumba kisiwe na kitanda kidogo kinachosubiri. Hata wasioamini jicho la hasidi utawaona wakinunua vitu vya mtoto kwa siri, mfuko mweusi, kona ya soko. Naielewa adabu iliyomo ndani yake pia: mtu asitangaze riziki ambayo haijafika.

Ila kliniki nayo ina neno lake. Mjamzito hapa kwetu huambiwa mapema aandae mfuko: mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, wembe mpya, vifungio vya kitovu, beseni, na khanga safi za kumpokelea mtoto. "Leba hakuna kabati la khanga," bi mkubwa alimwambia yule mama kwa upole. Yeye ni muuguzi mstaafu, amewaona waliofika na mikono mitupu na mtoto akafutwa kwa gauni la mamake. Yule mama akafikiri, akasema khanga za mfuko si tatizo, kwa kuwa hizo ni za mzazi. Nikanyamaza. Mwenye kutaka njia ya kutokea, muache apite.

Hoja yangu kwake ilikuwa nyingine. Hadithi ya ngamia anayefungwa kamba kwanza, ndipo mtu amtegemee Mungu, kila mtu anaijua, siirudii. Nilimkumbusha mama yake Nabii Musa. Firauni anachinja watoto wa kiume. Mwenyezi Mungu anamtia mwanamke huyu ilhamu: amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie sandukuni, amtupe mtoni, wala asiogope wala asihuzunike, maana atarudishiwa. Ni ahadi ya Mungu mwenyewe, si ndoto ya mganga. Sasa tazama alichofanya mama aliyepewa ahadi hiyo. Kwanza sanduku. Sanduku halikuota ukingoni mwa mto. Kuna aliyelitafuta, akaangalia kama linaingiza maji, akamlaza mtoto ndani yake. Kisha, ahadi anayo moyoni, akamwambia dada yake Musa afuate nyuma aangalie linakwenda wapi. Yamo katika Surat Al-Qasas na Surat Taha, na watoto wangu wa barazani wanayasoma. Mwanamke yule hakuona kwamba kumtuma binti yake ufukweni ni kumtilia Mungu shaka. Basi ikiwa aliyeahidiwa kwa ilhamu alitafuta chombo na akaweka mlinzi, sisi tusioahidiwa kitu tunapata wapi ujasiri wa kutofanya lolote na kuliita hilo tawakali?

Mama akasema, "Mwalimu, wewe una maneno." Godoro halikurudi dukani. Lilifunikwa shuka tu, lisionekane na wageni, na nadhani huo ni uamuzi mzuri wa pande zote mbili.

Swali la kijana ni gumu zaidi, kwa sababu limesimama juu ya jambo la kweli. Umri umeandikwa. Hilo ni katika nguzo za imani na sitolipunguza ili kumpendeza mtu. Lakini swali lake si jipya. Karibu mwaka 639 Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham na watu wake, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko mbele kuna tauni. Akashauriana, akaamua kurudi. Abu Ubaida, swahaba mkubwa na jemadari wa Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Swali ni kwa nini awapeleke kwenye ukavu.

Nimesomesha kisa hiki miaka mingi kwa mambo makubwa, vita na maradhi. Sikuwahi kukitumia kwa godoro. Lakini kinatosha, maana mkwe wangu anadhani kuna tandiko upande mmoja na kadari upande mwingine, kwamba moja likifanya kazi jingine limekaa. Sivyo. Mtoto akilala salama juu ya tandiko gumu, ameishi kwa kadari, na ugumu wa tandiko umo ndani ya hiyo kadari, pamoja na mkono ulioliweka. Yaliyoandikwa hatuyasomi. Tunachokiona ni magodoro mawili dukani, na pesa ziko mfukoni mwetu.

Sasa niseme juu ya hayo magodoro, kwani hapa naongea kama fundi.

Sufi naijua. Maganda yake hukauka mtini wakati wa kiangazi yakapasuka. Tunayakusanya, tunatoa kokwa, kisha tunaipiga sufi kwa fimbo mpaka ivimbe, kitambaa kimefungwa puani. Unywele wake una uwazi ndani na nta nje, hainywi maji upesi, na ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea mabaharia. Naijaza kwenye kitambaa kizito, nafunga mdomo wake kwa shazia, kisha nachoma vifundo juu kwa mistari ili isikimbilie upande mmoja. Godoro likiwa jipya, mtu mzima akikaa linampokea, linamzunguka, na sifa hiyo ndiyo inayoniuzia. Baada ya muda linafanya bonde katikati na madonge pembeni. Unalianika, unalipiga, linarudi. Ni kazi ya halali na naipenda.

Siku ile niliwaita binti yangu na mumewe ukumbini. Nikachukua pakiti ya sembe ya kilo 2, nikaiweka katikati ya mto mpya wa sufi. Ikazama, na kitambaa kikapanda pande zote nne mpaka maandishi ya ubavuni yakafichika. Nikamwambia mkwe aingize uso wake kwenye shimo lile, avute pumzi kwa utulivu. Akacheka, akainama. Haukupita muda akainuka, macho mekundu, unyoya wa sufi umemganda puani. Yeye ana shingo ya kuinukia. Mtoto wa kilo 3 hana. Kichwa chake ndicho kizito kuliko viungo vyake vyote na shingo haijakaza. Uso ukizama kwenye kitu laini, anavuta tena hewa ile ile aliyoitoa, ikachafuka kidogo kidogo, wala halii. Huo ndio uovu wa jambo lenyewe. Mtoto mwenye njaa hulia, mwenye homa hulia, lakini huyu wa kwenye sufi hunyamaza, na nyumba nzima hushukuru kwamba leo kalala vizuri.

Kwa hiyo tandiko la mchanga ni gumu, limenyooka, shuka imebanwa chini isikunjike. Mto hana haja nao. Blanketi zito hana haja nalo, hasa pwani hii, kaskazi ikivuma hata mtu mzima hutafuta sakafu. Alazwe chali. Bi mkubwa ana lake la kuongeza, kwamba khanga kuukuu ni bora kuliko mpya, kwani mpya ina wanga na rangi ambayo bado haijatulia, na kila kilichoanikwa nje lazima kipigwe pasi, hata kama ni pasi ya mkaa. Kuna nzi hutaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia ngozini akafanya jipu. Joto la pasi humuua. Sina aya ya kuunga mkono jambo la pasi, lakini nimeona jipu hilo mgongoni mwa mtoto na sihitaji aya.

Na alale wapi? Chumba cha mama yake. Sitaki hata kusikia habari ya kumpeleka mchanga chumba cha peke yake kilichopakwa rangi ya waridi. Tandiko lake liwe pembeni ya mama, karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono, lakini lake. Kitanda cha mkubwa chenye bonde katikati, baba kachoka na zamu ya usiku, au kavuta sigara, au kanywa, hapo mtoto hana haki ya nafasi. Mkwe wangu havuti wala hanywi, ila usingizi wake naujua: ukimwamsha alfajiri unahitaji mashahidi.

Ugumu wa tandiko una wapenzi wengine wa zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa ameusia mtoto azuiwe tandiko laini ili viungo vyake vikakamae na asizoee raha. Karne nyingi baadaye Mwingereza John Locke, kwenye kitabu chake cha malezi cha mwaka 1693, alisema karibu hayo hayo, akiyakataa magodoro ya manyoya. Nimewahi kusikia watu wakimtaja Ghazali kama ushahidi kwamba Uislamu ulijua mambo ya watoto wachanga kabla ya madaktari. Tusimsingizie. Ghazali na Locke walikuwa wakisema juu ya mtoto anayekua, anayefundishwa tabia. Mchanga wa siku tatu hana anasa ya kuvunjwa wala nafsi ya kurudiwa. Ugumu wa tandiko lake ni kwa ajili ya pua yake tu. Wanazuoni wakubwa hawahitaji tuwaongezee karama.

Na hapa ndipo panaponiumiza kichwa kuliko swali la mkwe. Bi mkubwa, alipokuwa bado kazini, alisikia habari ya Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 kikauzwa kwa mamilioni. Katika matoleo ya miaka ya 1950 alishauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hoja kwamba akiwa chali na akatapika, anaweza kupaliwa. Hoja inasikika ya busara. Ningeambiwa mimi ningekubali. Wazazi wa Ulaya na Marekani walikubali, hospitali zikakubali, na watoto wakaanza kufia usingizini kwa wingi usioelezeka. Mwaka 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwageuza watoto chali, Marekani ikafuata mwaka 1994, na ndani ya miaka michache vifo hivyo vikashuka kwa nusu au zaidi. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Ruth Gilbert walirudi kwenye karatasi za zamani wakaona kwamba ushahidi ulikuwapo tangu 1970. Lau ungekusanywa pamoja na kusomwa wakati ule, walikadiria, huenda wangeokoka watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na angalau 50,000 wa Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Elfu hamsini. Na aliyewaua hakuwa mchawi wala mzembe. Ulikuwa ushauri mwema, umetolewa na mtu mwema, ukafuatwa na akina mama waliowapenda watoto wao. Mtu wa dini afanye nini na hesabu kama hii?

Tunayo kanuni: mwenye kujitahidi kutafuta hukumu akapata, ana thawabu mbili, akikosea baada ya kujitahidi, ana moja. Hadithi hiyo ni sahihi na rehema yake ni kubwa. Mimi siwezi kumhukumu Spock, Mola wake anamjua. Lakini kanuni hiyo ina sharti ambalo watu hulipita mbio. Thawabu ni ya jitihada. Ushahidi ukishakuja, jitihada ya zamani imekwisha muda wake, na anayeng'ang'ania kauli ya jana kwa sababu ni ya bibi, au ya kitabu, au ya fundi fulani, huyo hajitahidi tena. Huyo amekaa. Ile miaka tangu 1970 hadi 1991 karatasi zilikuwapo kabatini, na hakuna aliyeziweka pamoja. Kosa la kutojua nalisamehe haraka. La kutofungua kabati nalisamehe polepole.

Haya si ya Wazungu peke yao. Zamani, mama mmoja wa mtaani kwetu alimlaza mwanawe kifudifudi kwenye godoro laini, na asubuhi hakuamka. Godoro halikuwa langu, lakini lingeweza kuwa. Majirani wakasema bundi alilia juu ya paa usiku ule, na bundi kwetu ana kesi nyingi ambazo hajawahi kuitwa kujitetea. Yule mama hakuniuliza juu ya bundi. Alikuja barazani watoto walipokwisha kuondoka, akauliza, "Mwalimu, nimemuua?"

Jibu nililompa nimelitoa kwenye mlango wa amana, katika fikihi. Sisi tunasema mtoto ni amana, tunalisema kwenye kila harusi na kila akika mpaka limekuwa kama salamu. Lakini amana ni hukumu ya sheria, ina kanuni zake. Mtu akikuachia mali uitunze, ikaangamia bila wewe kuvuka mipaka na bila uzembe wako, hulipi. Mkono wako ni mkono wa uaminifu, hauna dhamana. Yule mama alifanya alivyofundishwa na waliomlea, wala hakuwa ameambiwa vingine na mtu yeyote. Nilimwambia: hudaiwi. Sikumwambia kwa kumliwaza. Nilimwambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na ningekuwa kadhi ningeandika hivyo hivyo.

Ila kanuni hiyo ina upande wa pili, na ndio nimwambiao mkwe wangu. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa na masheikh wa pwani yetu, mlango huo wa amana unasema aliyeachiwa nguo za sufu ya kondoo ni wajibu wake kuzitoa nje zipigwe na upepo, zisiliwe na wadudu. Na ikihitajika kuzivaa ili zisiharibike, azivae. Aliyeachiwa mnyama akamwacha bila kumlisha mpaka akafa, analipa. Angalia maana yake. Haitoshi kuweka amana kabatini na kusema Mungu ndiye mlinzi. Mtunzaji anatakiwa ajue alichopewa ni kitu cha namna gani, kinaharibiwa na nini, kinahitaji nini, kisha afanye. Sufu ina wadudu, kwa hiyo upepo. Ng'ombe ana tumbo, kwa hiyo majani. Mchanga ana shingo isiyokaza, kwa hiyo tandiko gumu na kulazwa chali. Mkwe aliposikia hili la nguo za sufu alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama sponji ngumu ya inchi nne inatosha. Nikajua tumeelewana.

Mambo mawili matatu ya madukani, kisha nimalize. Sahihi Muslim ina hadithi ya matandiko: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Nawawi huyo huyo ameeleza kwamba makusudio si kuhesabu magodoro. Makusudio ni kile kinachozidi haja na kununuliwa kwa fahari. Naikumbuka kila nikiona seti za kitanda cha mtoto zinazoning'inia madukani: duveti, mito mitatu, mdoli, na vile vizuizi vya sponji vya kuzungushia kitanda ambavyo watu huviita bampa. Mchanga hajui rangi ya duveti. Anayejua ni shangazi mwenye simu. Tena bampa hizo Marekani imezipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2022, kwa sababu watoto wameziegemeza nyuso zao na kukosa hewa. Sisi bado tunazifunga utepe kuwa zawadi ya arobaini. Ukitaka kumtunza mzazi, mpelekee doti za khanga na sabuni ya kufulia.

Kinga nazo. Wapo wanaoweka kisu au mkasi chini ya godoro la mtoto kwa ajili ya majini, wapo wanaomfunga hirizi ya kamba shingoni, na wapo wanaoweka msahafu kwenye tandiko. Kisu na kamba sijibu, mwenye macho ajibu. Kwa msahafu nasema kwa ukali kidogo: kitabu cha Mungu hakiwekwi pale ambapo mtoto atakojoa usiku, na kona yake ngumu haistahili kuwa karibu na kichwa laini. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakinga Hasan na Husein kwa dua ya mdomoni, akasema ndivyo Ibrahimu alivyowakinga Ismaili na Is-haka. Aya ya Kursiyyu na sura mbili za mwisho hazichukui nafasi kitandani wala hazimwangukii mtoto. Zisome, mpulizie, umlaze.

Na kuna sunna nyingine ya kitandani tuliyoisahau kabisa: kabla ya kulala, mtu akung'ute tandiko kwa ncha ya nguo yake, maana hajui kilichoingia baada yake. Nge, kunguni, sindano ya fundi. Ingekuwa amri yangu, aya ingesomwa mkono mmoja ukiwa unakung'uta.

Lililo kubwa kuliko yote halilaliwi, linaning'inia. Nilipokuwa kijana, mtoto akishikwa na degedege watu walisema ni ndege mbaya kapita juu, wakamfukiza, wakamkimbiza kwa mganga. Wengi tuliwazika. Aliyepita alikuwa mbu, na degedege ile mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2004 serikali ilianza Hati Punguzo, mjamzito anapewa kliniki hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Mpango ule ulikwisha lakini vyandarua vyenye dawa bado hutolewa kliniki. Nimeviona vikitumika kufugia vifaranga na kuvulia dagaa. Aliyepewa chandarua kwa ajili ya mtoto akakipeleka baharini, akija kuniuliza hukumu ya mlango wa amana, hatapenda nitakachomwambia.

Binti yangu bado hajajifungua. Vitu vimo ndani, vimefunikwa: godoro la sponji ngumu, shuka mbili za kubana, khanga kuukuu zilizopigwa pasi, chandarua. Mavyaa wake juzi ameleta chandarua cha pili, akasema ni cha mzazi.

Mwenye shida ya godoro la sufi la harusi au la wazee anikute Ngamiani, bei tutaelewana. La mtoto mchanga siuzi, hata ukinipa bei ya mawili. Subiri mpaka akae mwenyewe, atembee, aanze kubishana na mama yake. Hapo mlete nimpime.